Jina Lako Kitabuni na Kwenye Mashine: Maswali ya Wakaaji wa Masisi na Walikale

Akina mama wengi wa Masisi hutunza karatasi zao kwa namna moja. Kadi ya mpiga kura, kadi ya chanjo ya mtoto na cheti cha shule hukunjwa pamoja na kutiwa katika mfuko wa plastiki, kisha mfuko hufungwa kwenye pindo la kitenge, mbali na mvua na mbali na mikono ya watu. Bunduki zikianza kulia, sufuria huachwa jikoni, lakini pindo lile huondoka na mwenyewe. Anapofungua mfuko baada ya siku tatu za miguu kutoka Nyabiondo au Mweso, akainua kadi kwenye mwanga na kukuta picha imefifia hata hajui kama uso ule ni wake, swali huja lenyewe: je, Leta, yaani Serikali, bado inanijua?

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya swali hilo na mengine yanayofanana nalo. Yanahusu huduma za Serikali za kidijitali, maana yake Serikali kutumia kompyuta, simu na intaneti ili kuandika watu, kutoa hati, kulipa wafanyakazi na kupokea kodi. Maswali tumeyaacha kama watu wanavyoyauliza sokoni, kanisani na kwenye mistari ya kambi.

Kwa nini Leta ituandike kwenye kompyuta wakati barabara yenyewe hatuna?

Swali hili ni la haki, na kompyuta haitatengeneza barabara ya Sake hadi Masisi wala ile ya Hombo hadi Walikale. Lakini watu wote wa nchi hii walihesabiwa mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo shule, dawa na walimu hugawanywa kwa makadirio, na makadirio humwumiza zaidi aliye mbali: teritwari ya Walikale ina zaidi ya kilometa za mraba 23,000, si pungufu sana ya Rwanda nzima, na vijiji vyake vingi viko ndani ya msitu ambako gari halifiki. Kijiji kisichoandikwa popote hakina wa kukitaja siku ya kugawa bajeti.

Kitabu cha eta-sivili kina kasoro gani?

Eta-sivili ni ofisi inayoandika kuzaliwa, kuoana na kufa. Kitabu chenyewe hakina kasoro. Shida ni kwamba kinakaa mahali pamoja. Waliotunga Sheria ya Familia ya mwaka 1987 waliliona hilo, wakataka kila tukio liandikwe kwa nakala kadhaa zitakazohifadhiwa sehemu mbalimbali. Ila nakala hizo zinasafiri kwa pikipiki, na njia ikifungwa hubaki zote katika kabati lile lile, na siku ya moto huungua pamoja. Nakala ya kielektroniki, yaani ile iliyowekwa kwenye kompyuta, inaweza kukaa Goma, Kinshasa na kwingineko kwa wakati mmoja. Kwa watu ambao vita imewahamisha mara tatu au nne, hakuna faida inayoizidi hiyo, na ndiyo sababu tunaunga mkono mabadiliko haya pamoja na upungufu wake wote.

Je, mashine ikija kitabu kinatupwa?

Hapana. Mashine hujazwa kutoka kitabuni, na pakitokea ubishi, kitabu chenye saini ya afisa wa eta-sivili hubaki kuwa ushahidi. Karani akikwambia kwamba hawezi kukuandika kwa sababu kompyuta haina umeme, mwombe kwa heshima akuandike kitabuni na akupe karatasi yako. Kompyuta itajazwa siku umeme utakaporudi.

Mtoto amezaliwa. Nifanye nini, na nilipe kiasi gani?

Mtangaze katika ofisi ya eta-sivili ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Ndani ya muda huo huduma ni bure, na hakuna haki ya kudaiwa pesa ya fomu, ya kalamu wala ya "kufungua mashine". Kwa sheria, afisa wa eta-sivili huku kwetu ni mkuu wa shefari au wa sekta: Masisi ni shefari za Bahunde na Bashali pamoja na sekta za Osso-Banyungu na Katoyi, Walikale ni sekta za Wanyanga na Bakano. Anaweza kumtuma mtu wa kuandika kwa niaba yake, lakini mwenye dhamana ni yeye.

Mama anaweza kutangaza mwenyewe bila kumsubiri baba aliye kwenye machimbo au aliyepotelea vitani. Jamaa, mkunga au mganga aliyekuwapo wakati wa kuzaa pia anaruhusiwa. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu watoto wengi hukosa jina kitabuni kwa ajili ya kumsubiri mtu mmoja tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 hadi 2018 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano nchini, takriban 40 tu ndio waliokuwa wameandikishwa, na wenye cheti mkononi walikuwa wachache zaidi.

Tulikimbia, siku 90 zikapita tukiwa kambini. Mtoto amepoteza haki yake?

Hajaipoteza, njia tu imerefuka. Baada ya siku 90 hupitia mahakamani, ambako tribinali ya watoto hutoa hukumu inayochukua nafasi ya tangazo lililochelewa. Watu huiita "jugement supplétif". Hukumu hiyo hupelekwa eta-sivili na mtoto huandikwa kama wengine. Kinachosaidia mno ni karatasi yoyote ya siku zile: kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa kutoka hospitali, hata daftari la mkunga. Usiitupe karatasi hata kama imeloa. Ianike kivulini, kwa sababu jua kali hufuta wino.

Mashirika na mahakama huandaa mara kwa mara vikao vya kwenda kambini ili familia zisilipe gharama hizo. Muulize kiongozi wa kambi au wa mtaa kama kikao kama hicho kiko karibu, na uandikishe majina ya watoto wako mapema.

Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho changu?

Ndiyo, kwa muda. Sheria imeikubali kama kitambulisho cha muda mpaka kadi ya taifa itakapomfikia kila mtu, ndiyo maana watu huionyesha benki, kwenye vizuizi vya njiani na wakati wa kusajili namba ya simu. Lakini haithibitishi uraia: hati ya uraia hutolewa kwa utaratibu mwingine, chini ya Wizara ya Sheria.

Kadi yangu imefifia, uso hauonekani. Je, nimefutwa?

Hujafutwa. Kadi nyingi za uandikishaji wa 2022 na 2023 zilififia baada ya miezi michache, na Tume Huru ya Uchaguzi, CENI, iliweka utaratibu wa kutoa nakala nyingine kwa wenyewe. Jina, picha na alama zako za vidole vimebaki katika hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta za Tume, hata kama plastiki iliyo mkononi imekuwa nyeupe. Kama namba bado inasomeka, inakili leo kwenye daftari mbili tofauti. Kwa namba hiyo ni rahisi zaidi kukutafuta.

Na aliyepoteza kadi kabisa njiani?

Omba hati ya kupotelewa, ambayo ni karatasi ya ofisi inayoeleza kilichopotea na lini. Utaje pia mahali ulipoandikishwa, kwa mfano shule au kanisa ambako mashine ya CENI ilikuwa imewekwa. Watu wengi hukumbuka mahali hata kama hawakumbuki namba.

Sisi wa Masisi hatukupiga kura Desemba 2023. Majina yetu yameondolewa katika nchi?

Hapana, na tunaelewa kwa nini wengi wanadhani hivyo. Kwa sababu ya vita uandikishaji haukuweza kufanyika Masisi na Rutshuru kama ulivyofanyika Walikale na sehemu nyingine, kwa hiyo uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 haukufanyika katika teritwari hizo mbili. Kwamouth, upande wa magharibi, ilipatwa na hali hiyo hiyo. Kukosa kuandikishwa kupiga kura hakuondoi uraia wala haki ya shule, ya matibabu au ya cheti cha kuzaliwa. Ila lipo pengo la kweli ambalo si la kulificha: mtu wa Masisi ambaye hakuandikishwa kwingine amebaki na kadi ya zamani au hana kadi kabisa. Kwa maoni yetu, siku usalama utakaporuhusu, mashine za kuandika watu zianze kupelekwa kwao.

Kadi mpya ya taifa iko wapi?

Kazi hiyo ni ya Ofisi ya Taifa ya Utambulisho wa Watu, ONIP, iliyoundwa mwaka 2011. Kadi ya kwanza ilikabidhiwa Rais Félix Tshisekedi tarehe 30 Juni 2023, lakini utoaji kwa wananchi wote haujafika vijijini kwetu. Mtu akipita nyumba kwa nyumba akiuza fomu za kadi hiyo au nafasi za kazi ya kuandika watu, mwombe akuonyeshe "ordre de mission", yaani barua ya kazi yenye muhuri, na usimpe pesa.

Wanasema alama za vidole hutumwa kwa jeshi au kwa nchi jirani. Ni kweli?

Woga huu una asili yake, kwa maana hapa kwetu orodha ya majina imewahi kuwa kitu cha kuogopesha. Kazi ya mashine ya vidole ni nyepesi kuliko inavyosemwa: hupiga picha ya mistari ya ngozi, huigeuza kuwa namba, kisha hulinganisha namba hizo ili mtu mmoja asiandikwe mara mbili. Vipimo hivi vya mwili, pamoja na picha ya uso, huitwa bayometria. Hatujaona ushahidi wa kwamba hutumwa huko kunakotajwa, lakini ni kweli pia kwamba ghala lolote likilindwa vibaya linaweza kuibwa. Ndiyo sababu sheria imekupa haki za kuuliza, nazo tunazieleza mbele kidogo.

Na wanaosema ni alama ya mnyama wa Kitabu cha Ufunuo?

Waumini wanaouliza hivi tunawaheshimu. Mashine haiachi kitu mwilini: haichomi, haichanji, haiweki namba kwenye paji la uso wala mkononi. Kama kuna wino, utatoka kwa sabuni. Ukitaka, mwombe mchungaji au padri wako aende kwanza kutazama kazi inavyofanyika.

Kadi ya msaada niliyopewa kambini ni kitambulisho cha Serikali?

Hapana. Mashirika kama Programu ya Chakula Duniani hutumia kadi na alama za vidole ili chakula au pesa zimfikie aliyekusudiwa, basi. Kadi hiyo haikupi uraia wala haikuondolei, na kukosa msaada wa mwezi mmoja hakuna uhusiano na haki zako kwa Serikali. Msaada hauuzwi: anayekuomba pesa au mwili wako ili jina lako liingie kwenye listi anavunja sheria, na kwa kawaida kila mradi una namba ya simu ya bure ya kutolea malalamiko, iliyobandikwa mahali pa kugawia.

Kwa nini hati zetu huandika mahali pa asili? Ninaogopa kusomwa njiani.

Hati nyingi za nchi yetu huandika teritwari na shefari au sekta ya asili, na kwa miaka mingi ilionekana kuwa habari ya kawaida tu. Huku Masisi si habari ya kawaida. Neno moja kwenye kadi limewahi kumweka mtu hatarini. Uraia wa Kongo unatawaliwa na sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004, na karani anayebonyeza kompyuta si hakimu wa kuamua nani Mkongomani na nani siye. Akikataa kukuandika kwa sababu ya lugha au sura yako, omba sababu hiyo kwa maandishi, au urudi ukiwa na mzee wa kijiji na mashahidi wawili.

Sheria ya mambo ya kidijitali imeziweka habari za asili ya mtu, dini na afya yake katika fungu la habari nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Maoni yetu ni kwamba kadi za baadaye zingeacha habari hizo ndani ya ghala bila kuzichapa usoni mwa kadi.

Sheria hiyo ya mambo ya kidijitali ni ipi, na inanipa nini?

Ni amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, iitwayo kwa Kifaransa "Code du numérique". Inasema maandishi ya kielektroniki yana nguvu sawa na ya karatasi ikiwa mwandishi wake anajulikana na hayajabadilishwa. Inaadhibu wizi na udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta au simu. Na habari zako binafsi, kama jina, namba ya simu, picha na alama za vidole, inazitambua kuwa zako.

Kwa hiyo unapoandikwa una haki ya kujua ni nani anayekusanya habari hizo na kwa kazi gani. Una haki ya kuziona na kusahihisha makosa. Hili la makosa si dogo: jina la baba likikosewa herufi moja, mtoto aweza kuhangaika miaka mingi baadaye mbele ya mtihani wa Serikali. Kabla hujaweka saini au kidole, mwombe karani akusomee kwa sauti kila alichoandika, jina, tarehe, kijiji. Usiharakishwe na mstari ulio nyuma yako.

Sijui kusoma. Nitadanganywa?

Una haki ya kusomewa kwa lugha unayoielewa, na kuja na mtu unayemwamini. Kutojua kusoma hakumzuii mtu kutangaza mtoto wala kuandikishwa. Na mke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya mume ili kufanya jambo la kisheria. Sharti hilo liliondolewa katika Sheria ya Familia kwa marekebisho ya Julai 2016.

Hospitali inaandika habari zangu kwenye kompyuta. Zinakwenda wapi?

Hapa kwetu hii ndiyo huduma ya kidijitali iliyokwisha kuota mizizi, ingawa haionekani. Kila mwezi muuguzi mkuu wa kituo huhesabu katika madaftari yake wagonjwa wa malaria, surua, kuhara, akina mama waliojifungua na watoto waliochanjwa. Hujaza fomu ya karatasi na kuituma kwa pikipiki, au kwa mguu, hadi ofisi kuu ya zoni ya afya. Masisi kuna zoni za Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi. Walikale kuna Walikale, Kibua, Pinga na Itebero. Huko ndiko namba huingizwa katika programu iitwayo DHIS2, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na kutumiwa leo na nchi nyingi za Afrika.

Kinachokwenda mbele ni hesabu: surua 14, malaria 210, kwa mfano. Jina lako hubaki katika daftari la kituo. Umuhimu wa taarifa za haraka ulionekana Agosti 2019, Ebola ilipofika Pinga, mbali sana na Beni ambako watu walikuwa wakiitazamia: katika ugonjwa wa namna ile kila siku taarifa inayochelewa njiani ni siku ambayo watu waliomgusa mgonjwa wanatembea bila kujua. Basi muuguzi akikuuliza kijiji chako kwa usahihi, mjibu. Kijiji ndicho kitakachoonyesha chanjo zipelekwe wapi.

Matokeo ya mtihani wa Serikali kwa simu ni ya kuaminika?

Matokeo ya Examen d'État hupatikana kwa ujumbe wa simu kupitia kampuni za mtandao, kwa malipo ya inite, yaani salio la simu. Yanasaidia kujua mapema, lakini si diploma. Hakikisha matokeo kwenye orodha rasmi iliyopelekwa shuleni. Mtu anayedai anaweza "kubadilisha" matokeo ndani ya mashine ukimtumia pesa anakuibia.

Mwalimu wa Walikale atapataje mshahara bila kusafiri siku tatu?

Tangu 2011 Serikali imekuwa ikipitisha mishahara ya wafanyakazi wake benki badala ya mabegi ya fedha taslimu, ili majina ya wafanyakazi hewa yatoke na kila mmoja apokee hesabu yake kamili. Nia ilikuwa njema. Lakini benki hazipo vijijini, na mwalimu amejikuta akitumia sehemu ya mshahara kwa pikipiki na malazi ili kuufuata huo mshahara. Benki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipochukuliwa na kundi lenye silaha la AFC/M23, hali ikawa ngumu zaidi. Pesa ya simu inaweza kupunguza safari hizo, mradi wakala awe na fedha za kutosha katika kabine, yaani kibanda chake.

Mwalimu ana haki ya kujua jina lake kama liko kwenye listingi, orodha ya wanaolipwa, na namba yake ya matrikule, yaani ya utumishi. Walio nje ya listingi, wanaoitwa NU au "nouvelles unités", watunze barua zao za kupangiwa kazi pamoja na taarifa za kila mwaka zenye saini ya mkuu wa shule, kwa kuwa hizo ndizo zitakazosomwa siku ya kuingizwa kwenye mfumo.

Nitajuaje kama kodi ninayolipa imefika Serikalini?

Kodi halali ina jina, ina kiasi kilichoandikwa, na ina stakabadhi yenye namba. Kodi za mkoa husimamiwa na Kurugenzi ya Mapato ya Kivu Kaskazini, DGR-NK. Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi: tangu 2017 mlipaji wa Tanzania hupewa kwanza namba ya malipo, hulipia kwa simu au benki, na karani hashiki noti. Tungependa kuona mfano huo ukifika hapa, maana pesa isiyopita mkononi ni vigumu kupotea mkononi.

Jeton, ile tiketi ambayo makundi yenye silaha yamewauzia wanavijiji mwezi kwa mwezi, si stakabadhi ya Serikali na haikuhesabiwi kuwa umelipa kodi. Hata hivyo usibishane kizuizini na mtu mwenye bunduki kwa ajili ya neno hili. Uhai wako kwanza.

Lebo kwenye magunia ya koltani ni ya nini?

Lebo yenye namba hufungwa kwenye gunia machimboni, na namba hiyo huandikwa kitabuni kisha kwenye kompyuta, ili mnunuzi wa mbali ajue mawe yametoka wapi. Lebo ni chombo cha kumbukumbu tu, na ikifungwa na mtu asiye mwaminifu itabeba uongo wake mpaka ng'ambo. Kwa mchimbaji faida ni kwamba uzito wa gunia umeandikwa. Adai auone ukiandikwa.

Walituambia kodi ya simu imefutwa. Je, ni kweli?

Ni kweli. Makato ya RAM, rejesta ya vifaa vya simu, yaliyoanza mwaka 2020 na kula inite za watu, yaliondolewa mwaka 2022 baada ya wananchi na wabunge kupaza sauti. Ukipokea ujumbe unaodai ulipe RAM leo, usilipe.

Hapa kwetu rezo ipo juu ya kilima tu. Huduma hizi ni za watu wa mjini?

Rezo, mtandao wa simu, ndiyo kizuizi kikubwa, pamoja na umeme. Programu nyingi za kuandika watu zimetengenezwa zifanye kazi bila intaneti: kifaa huhifadhi habari, kisha huzituma siku kinapofika penye rezo. Mwezi wa Mei 2025 mdhibiti wa mawasiliano wa nchi aliiruhusu kampuni ya Starlink, inayoleta intaneti kutoka angani kwa setilaiti, na hilo linaweza kusaidia sekta za mbali kama Bakano, ikiwa ofisi zitapewa uwezo wa kulipia. Ila ofisi haina ruhusa ya kukunyima huduma kwa sababu huna simu.

Nimepigiwa simu na mtu anayesema yuko ofisi ya Serikali, anataka namba yangu ya siri.

Kata simu. Hakuna ofisi, benki wala kampuni yenye haki ya kuuliza namba yako ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hata wakala wa kabine. Sajili laini kwa jina lako mwenyewe, si la jirani wala la shemeji, kwa sababu ikipotea atakayeweza kuirudisha pamoja na pesa zake ni yule aliyesajiliwa.

Nipige picha za hati zangu na kuziweka kwenye simu?

Ndiyo, lakini kwa busara. Piga picha mchana, kadi ikiwa juu ya meza au jiwe bapa, pande zote mbili, kisha umtumie ndugu unayemwamini aliye mahali penye utulivu, Kisangani au Kampala, azihifadhi. Ukisha kuhakikisha amezipata, zifute kwenye simu yako kabla ya safari ya kupita vizuizi, pamoja na picha za watu wenye silaha na ujumbe wa siasa za makundi, kwa sababu simu hukaguliwa. Simu ikinyang'anywa, iache iende. Ukifika salama, omba kampuni ya mtandao ifunge laini siku hiyo hiyo, kisha mwambie ndugu yako akusomee namba za kadi uziandike upya kwenye daftari.